Magoti ya Kantaben na Mji wa Minara

Siku yangu ya kwanza ofisini niliingia na ndoo na mopu. Ilikuwa ofisi ya kupangia watu safari za likizo, kule Saltley, mtaa wa Birmingham. Meza tatu, simu mbili, na ukutani picha za Toskana, jimbo la Italia, ile miti yao myembamba imesimama kama mafagio yaliyogeuzwa. Nikapangusa kioo cha picha moja, nikacheka.

Meneja, Mhindi mzaliwa wa Kampala, akainua miwani. "Mama, unacheka nini?"

"Mmeandika hapa ni Siena. Siena nimefagia miaka sita. Hii siyo."

Hivyo ndivyo nilivyopata meza. Mimi ni Msomali wa Isiolo, nimeishia darasa la tatu. Kabla ya kuja Birmingham nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa bibi mmoja wa Siena, niliyemwita Signora, yaani Bibi, na Kiitaliano nilijifunza kwa kugombezwa. Wenzangu wenye vyeti walipanga safari kwa ramani. Mimi nilipanga kwa miguu.

Vijana mnadhani kazi ile ni kutaja makanisa. Kila siku ya safari ina ratiba yake: basi linaondoka saa ngapi, linashusha wapi, choo kiko wapi. Miji ya zamani ya Toskana iko juu ya vilima, ndani ya kuta, na magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia. Basi linawashusha chini ya lango, mnapanda wenyewe. Mchana, saa saba mpaka kumi, milango mingi inafungwa, watu wamekwenda kula na kulala. Na mkate wao hauna chumvi. Hawakusahau, ndivyo wanavyoupenda. Mimi nilibeba chumvi yangu mkobani.

Kundi langu la kwanza lilikuwa kina mama kumi na wanane, wengi wajane.

"Mama Ifrah," Meneja akasema, "safari hii utaipanga na utaiongoza. Akibaki mtu hata mmoja chini kwenye basi, unarudi kwenye mopu. Sikutanii."

Miongoni mwao alikuwa Kantaben. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vitambaa Kisumu, na ukutani kalenda yenye picha ya San Gimignano, mji wa minara kule Toskana. Mwaka ukaisha, mume akakataa kuitoa. "Tutaenda," alisema kila siku. Akafa hapa Birmingham, hawajaenda.

"Nataka kusimama pale tu," Kantaben aliniambia. "Nimwambie nimefika."

Nikaandika kwenye ratiba: langoni mpaka uwanjani katikati ya mji, dakika kumi. Hapo ndipo nilipokosea. Dakika kumi zile zilikuwa za miguu yangu ya ujana, nilipokuwa nikipanda na vikapu viwili kwenda kwa dada yake Signora. Magoti ya Kantaben sikuyauliza.

Basi lilipotushusha langoni, alipanda hatua kama ishirini, akaketi juu ya jiwe. "Nendeni. Nitaiona minara kutoka hapa."

"Kantaben, kutoka hapa unaona mnara mmoja na nguo zimeanikwa."

"Mmoja unatosha." Lakini alikuwa ananyoosha shingo kutafuta wa pili.

Wenzake nikawatanguliza na mwongozaji wa mji. Mara ikaja tuktuk ya mizigo, ya mwenye duka la mboga. Wenyeji wana ruhusa ya kuingia. Nikasimama katikati ya njia.

"Signora, umechoka kuishi?" dereva akanipigia kelele.

"Nimechoka kusubiri. Mpeleke huyu juu."

"Nimebeba kabichi!"

"Kabichi zitasogea."

Kantaben akabanwa mbele na dereva. Mimi nyuma na kabichi, buibui nimelikusanya. Tuliwapita wenzetu njiani wakihema, akawapungia mkono kama bibi harusi. Uwanjani akateremka, akatengeneza sari, akaangalia juu. Akasema kwa sauti, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili: "Ile kalenda ilikudanganya. Ni mizuri zaidi."

Tuliporudi, Meneja alikuwa ameshasimuliwa. "Mama, kila chombo cha safari kina vocha, karatasi ya kuonyesha kimeshalipiwa. Vocha ya kabichi iko wapi?" Kisha akainama mwenyewe, akaiondoa ndoo iliyokuwa bado nyuma ya kiti changu.

Tangu hapo kila mteja nilimuuliza magoti. Nilipohamishiwa ofisi ya Sutton Coldfield, kwa wenye fedha, Msimamizi, Mwingereza mwenye lulu shingoni, akanikataza: "Wateja wa huku wataudhika." Siku ya tatu bwana mmoja mwenye tai akapandisha suruali anionyeshe kovu la goti, hata sijamuuliza. Msimamizi hakunikataza tena.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Shard End, hapa hapa Birmingham. Mjukuu wangu Sagal anataka kunipeleka Toskana. Anapanga yote kwa simu, nami nimenyamaza makusudi, nione akili yake. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana. Jana alipata nyumba nzuri ndani ya kuta za mji, akampigia mwenye nyumba. Nilikuwa kwenye kochi, nikafumba macho kama nimelala.

"Kutoka langoni mpaka kitandani ni ngazi ngapi?" akamuuliza. "Hapana, zihesabu, nasubiri. Bibi yangu hatakubali kusema, lakini magoti yake yamekwisha."

Akasubiri. Kisha akashukuru, akaanza kutafuta nyumba nyingine.

Nikainuka taratibu, nikaenda jikoni kujaza chumvi kwenye kichupa cha mkobani.