Kopo Lisilotiwa Maji

Mtunza maabara hapiti penye kiumbe bila kukisalimu. Kila asubuhi hufuta meza kwa mkono wa koti lake huku akipiga mluzi, huwauliza panzi wa kwenye chupa wameamkaje, kisha hugeuza makopo ya wanafunzi yaliyopandwa kunde kwenye mwanga, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Binti wa kidato cha tatu humcheka kimoyomoyo. Lakini leo ndiyo siku ya kukabidhi ripoti, na kopo lake la pili, lile la kuonyesha kwamba mbegu bila maji haioti, limechipua zaidi kuliko la kwanza!

“Mzee! Nani kalimwagilia?”

Mluzi unakatika. Mzee anafunga kifungo cha koti, anakifungua, anakifunga tena. “Mwanangu, mwenzake anakunywa kila siku, lenyewe linatazama tu. Roho iliniuma. Nikalitilia vijiko viwili tu kila asubuhi.”

Binti anataka kulia, lakini kicheko kinamwahi, kinamshika mbavu mpaka anaegemea meza. Kengele inalia. Anavuta ripoti, na penye “Vyanzo vya makosa” anaandika kwa wino: Huruma, vijiko viwili kila asubuhi.

“Andika vitano,” mzee anasema, akichungulia begani mwake. “Sayansi haitaki uongo, mwanangu.”