Wimbo wa Dakika Ishirini

Sijui nani alituroga na huyu mgeni rasmi. Kwetu Kilosa hata akina mama wakiigiza mchezo wa nusu saa, hakuna anayefungua mdomo jukwaani mpaka mheshimiwa afike, na mheshimiwa hajawahi kufika kwa wakati. Nimekaa kwenye viti vya plastiki tangu saa nane mpaka saa kumi na moja nikimsubiri mtu ambaye akishafika anahutubia kuhusu vyoo, anachezea simu mchezo ukiendelea, kisha anaondoka kabla haujaisha. Na bado anapigiwa makofi kuliko waigizaji.

Mimi nina mashine ya kusaga. Kutwa inaningurumia, ndiyo maana siku za mapumziko nafuata sauti za watu: kwaya, maigizo, ngonjera, chochote kinachofanywa na binadamu mbele ya macho yangu. Nimepanda bodaboda kufuata michezo mpaka Mvumi na Magole, nikarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Karibu kila mara nimerudi nimenuna. Magole mama mmoja aliigiza kufiwa na mtoto, akalia hadi nikasahau kwamba ni mchezo. Watazamaji wakaangua kicheko, na jamaa nyuma yangu akapiga kelele kwamba arudie. Nilitamani kumrushia kiti.

Aliyenifundisha kusikiliza ni mwalimu wangu wa darasa la tano. Amestaafu siku nyingi, na sasa anaongoza kwaya ya watu wazima, wengi wao wakulima. Alitunga wimbo wa sauti nne, bila kinanda wala ngoma, wa dakika ishirini, kuhusu mto wetu unavyofurika na kurudi kwenye kingo zake. Aliuandika daftarini kwa penseli, miaka minne. Alipomaliza, masikio yakaanza kumwacha. La kushoto lilikufa kabisa, la kulia likabaki nusu.

Siku moja alikuja mashineni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Hebu zima hicho kitu."

Nikazima. Akaniambia kwamba mazoezini hajawahi kuwapata wote; leo besi wako shamba, kesho soprano wana msiba. "Sehemu ya mwisho sijaisikia ikiimbwa na sauti zote nne kwa pamoja hata mara moja," alisema. "Nataka niusikie wimbo wote, mpaka mwisho. Baada ya hapo masikio yaende yanakotaka."

Mara ya kwanza waliuimba ukumbini hapa Kilosa, wakiruhusiwa kwa bahati tu kuwatuliza watu waliochoka kumsubiri mgeni rasmi. Walipofika katikati, mgeni rasmi akaingia. Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti: "Tusimame sote!" Kwaya ikanyamazishwa, na baada ya hotuba ikaambiwa muda umekwisha. Mara ya pili ilikuwa hotelini Mikumi, kwenye ufunguzi wa semina. Wimbo haujafika hata katikati, watu wakainuka na sahani kupanga foleni ya pilau, huku soprano wakiimba. Mshereheshaji akamnong'oneza Mwalimu kwenye lile sikio bovu kwamba inatosha, alipoona hasikii akamshika mkono akaushusha. Mkono wa mwalimu wangu! Nilitoka nje nikatema mate.

Basi nikaamua kuandaa mwenyewe. Jumapili, saa tisa alasiri, kwenye ghala tupu la zamani la mkonge lenye mwangwi mzuri. Hakuna mgeni rasmi, hakuna mshereheshaji, hakuna spika, hakuna chakula. Nilisimama mlangoni nikawazimisha watu simu mmoja mmoja. Kisha nikakataza kutunza, ile tabia yetu ya mtu kuinuka wimbo ukinoga, akaenda mbele akicheza na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso.

"Atakayeinuka namtoa nje," nilisema. "Tunasikiliza kama watu waliostaarabika."

"Leo msaga unga kawa mkuu wa wilaya," dada mmoja akamwambia mwenzake, wakacheka. Niliwakazia macho mpaka wakaacha.

Kwaya ilikuwa imetimia. Mwalimu alisimama amewageukia waimbaji, macho ameyafumba, sikio la kulia amelielekeza kwao. Wakaanza. Wimbo ukapita pale tulipokatishwa Mikumi, ukapita pale tulipokatishwa Kilosa, na kuanzia hapo kila sauti ilikuwa mpya kwangu. Maji yalipanda. Besi waliyasukuma kutoka chini, alto wakaita watoto, soprano wakapaa juu kabisa, kisha wote wakanyamaza kwa mpigo. Mkono wa Mwalimu ukabaki juu.

Machozi yalikuwa yananitiririka. Nikainuka. Nikapiga makofi. Sikuishia hapo: nilitoka kwenye kiti changu, mimi mwenyewe, nikaenda mbele nikicheza na noti mkononi, nikambandika besi wa kwanza kwenye paji. Alitikisa kichwa, nikadhani ni unyenyekevu. Nyuma yangu ghala zima likalipuka kwa vigelegele, watu wakaja mbio wakipeperusha khanga.

Ndipo nikaona mkono wa Mwalimu unashuka kuwaingiza waimbaji kwenye sehemu ya mwisho. Kile kimya kilikuwa kituo tu ndani ya wimbo. Macho yake yalikuwa bado yamefumba. Waimbaji wachache walifungua vinywa, wakajaribu, lakini kelele zetu ziliwameza. Aliongoza mpaka mwisho, taratibu, akaufunga wimbo kwa ishara ya vidole. Kisha akafumbua macho, akatuona tumemzunguka tunacheza, akaligusa sikio lake la kulia.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye zaidi.

"Wameimba sehemu ya mwisho?" aliuliza. "Mimi nimesikia kelele tu."

Nimewachukia watu wengi kwenye kumbi, lakini sijawahi kumchukia mtu kama nilivyojichukia pale. Hata hivyo nilimsogelea nikasema kwa sauti, kwaya nzima ikinisikia: "Wameimba, Mwalimu. Yote."

Hakuna aliyenikanusha. Mwalimu alilikunja daftari lake, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, baba," alisema. "Basi afadhali ninyi mmeusikia."