Karabai Asiye na Mikono

Mjukuu wangu, niliyemlea tangu anatambaa, yuko Dar es Salaam anatengeneza magemu ya simu. Ni kazi, na analipwa. Nilipoambiwa mara ya kwanza niliuliza tena.

Mwaka mmoja, masika yalipokwisha, alinipigia akasema wanatengeneza gemu la kuchekesha, mambo yake yanatokea ufukoni mwa ziwa kama hapa kwetu Ujiji, na wanatafuta kiumbe ambaye hajapata kuonekana. Wenzake walileta samaki mwenye miwani na mamba mwenye kofia. Yeye akakumbuka karabai ya marehemu babu yake.

Karabai hiyo ninayo mpaka leo, iko juu ya kabati. Zamani ndizo zilizokuwa zikiwaita dagaa usiku. Unajaza mafuta ya taa, unapiga pampu, mwanga unatoka na mvumo wake. Siku hizi mitumbwi ina taa za sola. Mjukuu alitaka karabai mwenye miguu, atembee mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, akigombana na watu. Akaniuliza, angekuwa binadamu angekuwa wa namna gani?

Nikamwambia mtu wa hasira. Tumbo kubwa, shingo fupi, anavuma hata asipoulizwa. Mbalamwezi haipendi, maana mwezi ukipevuka wavuvi hawaendi ziwani na yeye anakosa kazi. Mjukuu akacheka sana. Kesho yake akapiga tena.

Sasa ieleweke. Kabla ya hapo msichana huyo alikuwa anapiga Idi kwa Idi. Na mimi simpigii mtu. Nimelelewa hivyo: mdogo ndiye anayemtafuta mkubwa ampe shikamoo yake, mkubwa hajipeleki. Wanangu wanajua, wajukuu wanajua. Nyumba ina vyumba vinne. Nalala kimoja, vingine nafagia tu.

Kwa hiyo simu ilipoanza kulia kila jioni, ilinikuta nimeshakaa karibu nayo. Aliuliza karabai anaogopa nini. Upepo, nikasema, na watoto wenye mawe. Akitiwa mafuta yenye maji anakohoa. Nilipoona maswali yanaelekea kwisha nilikuwa namwambia bado, huyo hajakaa sawa, hebu itazame tena ile miguu, karabai wa Ujiji havai viatu vya kung'aa. Anatii, anarudi kuchora, kesho anapiga.

Kisha ukaja ubishi wa mikono. Wenzake walitaka awe nayo, ashike vitu, avirushe.

"Bibi, wanasema asipokuwa na mikono atafanya nini?"

"Na akiwa nayo atajipiga pampu mwenyewe," nikamwambia. "Basi tena. Atamtafutia mtu nini?"

Nikawa nasikia magari ya huko kwao. Akasema haya bibi, hana mikono.

Kumbe hapo ndipo kazi ilipokwisha, na mimi ndiye niliyeimaliza. Jioni iliyofuata simu haikulia, wala jioni nyingine. Nikasema ana shughuli. Mwezi ukapevuka, mwaloni kukawa kimya, hakuna dagaa wa kuanika. Nikaishusha karabai, nikaifuta vumbi, nikairudisha. Mwezi ukafifia, wavuvi wakaingia ziwani, nikaanika dagaa, nikafukuza kunguru, nikauza. Simu kimya. Nilipanda bodaboda hadi Gungu kumwona fundi wa simu, aitazame kama ni mbovu. Akaigeuzageuza, akaniambia, "Bibi, kitochi hiki kitatuzika sote."

Gemu lilipotoka nililisikia kwa jirani yangu muuza vitumbua. Yeye ana simu kubwa. Akaniita barazani kwake, akalifungua. Karabai akatokea. Tumbo lile lile, miguu peku, mikono hana. Anazunguka mwaloni amezimika, anasimama mbele ya mtu na kusubiri. Haombi. Jirani akamgusa kwa kidole, pampu ikapanda ikashuka, akawaka, akavuma, akasema:

"Leo ndiyo umenikumbuka?"

Jirani alicheka mpaka khanga ikamtoka begani. "Bi mkubwa, huyu si wewe huyu!"

Ni kweli. Ndivyo ninavyoipokea simu, hata kabla ya marahaba. Kila anayenipigia ameyasikia maneno hayo. Sikucheka. Nilimwomba amguse tena, na karabai akasema vile vile. Kisha tukamwacha. Akafifia polepole, akabaki amesimama pale mchangani, watu wa kwenye gemu wanampita.

Nikarudi nyumbani. Nikakaa kitandani, nikalitafuta jina la mjukuu, nikabonyeza. Iliita muda mrefu.

"Bibi? Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hajafa mtu. Nimepiga tu."

Akatoa shikamoo, nikaitikia. Nikamuuliza amekula nini. Ugali na dagaa, akasema, ila dagaa wa huko wana mchanga. Nikamkemea, mtu wa Ujiji anakulaje dagaa wa mchanga, nitampakilia wa kwetu kwenye treni. Akaanza kuniambia kitu kuhusu karabai, kwamba wenzake ofisini, na hapo salio likaisha, simu ikakatika.

Nilikaa nikiitazama. Haikulia. Nikajitanda ushungi, nikatoka kwenda dukani kununua vocha.