Haula Hakuonja

Tangu watu wa kampuni ya kuchimba gesi wafike Palma, Msumbiji, Haula anapika kwenye baa inayotengeneza bia yake yenyewe. Bia haigusi, wala hataki kusikia habari zake. Ila samaki wa nazi hakuna wa kumfundisha: siri, anasema, ni kuonja kila hatua. Ramadhani ilipoingia, ikambidi apike bila kuonja, roho juu juu. Sahani ikitoka anachungulia mlangoni, anarudi jikoni, anachungulia tena.

Siku ya kumi fundi mmoja wa gesi, mteja wa kila mchana, alimwita mhudumu. Haula akajibanza nyuma ya pazia, kopo la chumvi mkononi.

“Bia yenu ni ileile mbaya,” alisema fundi. “Lakini samaki sasa analika. Mmebadilisha mpishi?”