Ukuta wa Upande wa Bahari

Mke wangu alikuwa fundi chokaa. Jengo la halmashauri, lile la zamani linalopigwa na mawimbi, alilitunza miaka thelathini na mmoja. Mimi nilimchotea maji. Ufundi sina.

Alikuwa akilamba kuta. Kweli kabisa. Anapitisha ulimi, anatema, anasema, "Chumvi imepanda." Mhasibu mmoja akamtania, "Mama Chokaa, kama ni njaa sema, tukuletee mkate."

"Lamba na wewe, baba, ujue kwa nini mafaili yako yanaoza."

Akaja mhandisi mpya na saruji yake. Mke wangu akakataa. Alisema ukuta wa mawe unapumua; ukiuziba kwa saruji, chumvi inabaki ndani inautafuna. Wakabishana wiki nzima. Mwisho mhandisi akampa upande wa bahari peke yake. "Ukipasuka, jengo zima ni saruji."

Akapiga lipu ya chokaa. Lipu hiyo hunyweshwa maji asubuhi na jioni, siku kumi. Ikikauka haraka, inapasuka. Siku ya nne, mchana, kifua kikambana. Jioni sikuwa naye tena.

Kesho yake tukamzika. Nikarudi nikakaa mkekani, watu wananipa pole, mimi natazama jua. Lilikuwa kali. Nikainuka, nikashika ndoo. Shemeji, dada yake mkubwa, akaniwahi mlangoni.

"Shemeji, wapi na ndoo?"

"Ukuta haujanywa tangu jana asubuhi."

"Ukuta! Udongo wa mdogo wangu haujakauka, wewe unawaza ukuta? Watu watasema nini?"

"Waache waseme."

"Kichwa kigumu wewe!"

"Yeye alikizoea."

Nikaenda. Nikakuta nyufa mbili chini ya dirisha, nyembamba kama unywele. Nikazilowesha, nikazisugua kwa kidole gumba mpaka zikafunga. Nikalia hapo hapo. Nyumbani kulikuwa na watu wengi.

Shemeji akanifuata, bado kanuna. Akachukua ndoo, akaenda bombani. Tulifanya hivyo siku zote zilizobaki.

Siku ya kumi na moja mhandisi akaja. Akaugonga ukuta kwa ufunguo, kona hadi kona, akisikiliza. Haukulia mtupu popote; lipu ilikuwa imeshika.

"Saruji irudi stoo," akamwambia karani. Kisha akanigeukia. "Mzee, pande tatu zilizobaki atapiga nani?"

Nikamwomba anipe muda, nimlilie kwanza aliyepiga huu.