Walitaka Kuona Mshono wa Moyo Wangu

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili nikaondoka, na sikurudi. Nilicho nacho nimekipata kwa panga na gogo la kukatia nyama. Bucha yangu ilikuwa mtaa wa Ziwani, kuta nilizipaka chokaa mwenyewe, na miaka yote hiyo sikuwahi kumgongea jirani mlango kuomba hata chumvi. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwa nini nilisikia aibu nilipoambiwa niombe watu damu.

Ilikuwa miaka ya themanini, kuelekea mwisho. Nilianza kukosa pumzi. Nikikata mguu wa ng'ombe nahema kama mtu aliyefukuzwa na askari kanzu. Usiku silali chali, nalala nimeegemea mito. Daktari alinisikiliza kifua, akanipiga picha, akasema homa ya viungo niliyougua utotoni ndiyo iliyoharibu mlango mmoja wa moyo. Sasa mlango huo umeshika chokaa.

"Umewahi kuona birika lililochemshia maji ya kisima miaka mingi?" akaniuliza. "Mdomo unajaa mawe. Maji yamo ndani lakini hayatoki. Ndivyo ulivyo."

Nilirudi bucha nikachukua moyo wa ng'ombe, nikaupasua, nikaushika ule mlango wake kwa vidole. Mwembamba, laini, kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka. Nikajiuliza wangu umekuwaje hata uwe jiwe.

Wakasema nitapasuliwa kifua. Hilo halikunitisha, na sitaficha kwamba nilijigamba nalo. Mteja akija namwambia, "Chagua vizuri leo, maana zamu yangu ya kulala juu ya gogo imekaribia." Watu wanacheka, mimi nacheka zaidi yao. Kupasuliwa kifua ni jambo la mwanamume.

Kilichonishinda ni damu. Hospitali walitaka nilete watu watoe damu, iwekwe tayari. Mimi, kwenda mlango kwa mlango na kusema naomba damu yako? Sikuweza. Mke wangu alijifunga leso akazunguka mwenyewe.

Wa kwanza kwenda alikuwa fundi cherehani aliyeshona barazani, mkabala na bucha yangu. Mtu wa pwani, Mwislamu, mwembamba, ulimi wake hautulii. Tulikuwa tunataniana kutoka asubuhi hadi jua lizame. Nikimwita sindano, ananiita mnyama. Alikuwa anaogopa damu hivi kwamba hakutazama upande wangu siku ninazoletewa nyama. Lakini alikwenda. Alipoona mrija unajaa, alizimia. Alirudi mtaani akijisifu. "Mimi nimeanguka kwa ajili ya huyu bwana! Akipona bila kunitambua, naidai damu yangu!"

Wengine wakamfuata. Akina mama wa kanisani, fundi viatu, hata mpangaji tuliyekuwa tumenuniana naye.

Siku nilipolazwa, muuguzi alikuja na beseni na wembe. Binti mdogo, rika la kitinda mimba wangu.

"Baba, mambo yamebadilika," akasema. "Kuna daktari mgeni amekuja na vifaa vipya. Hawatakupasua kifua. Wataingiza mrija mwembamba kwenye mshipa, wenye mpira mdogo mbele yake. Ukifika kwenye mlango wa moyo wataujaza, usukume mlango ufunguke. Kisha wanautoa."

"Wanaingilia wapi?"

Akagusa juu ya sare yake, pale paja linapokutana na tumbo. "Hapa kinenani."

Nilicheka. "Mwanangu, mimi napasua ng'ombe. Najua ndani kulivyo. Kutoka hapo mpaka moyoni ni safari."

"Mshipa unafika, baba. Haya, teremsha suruali nikunyoe."

Sikucheka tena. Nilitazama dari nikahesabu mbao zake. Yule binti alikuwa na heshima, hakusema neno, na heshima yake ndiyo iliyonimaliza. Laiti angenikaripia.

Hawakunilaza usingizi. Walinichoma ganzi, kisha nikawa nawasikia wakizungumza Kiingereza huku wananichokora. Mbele yangu kulikuwa na televisheni, na ndani yake moyo wangu unapapatika, kivuli cheusi ndani ya kivuli cha kijivu. Nilikuwa nimeuza mioyo maisha yangu yote. Wangu niliuona siku hiyo. Ule mrija ulipanda kama uzi. Kisha mpira ukajaa, ukabanwa katikati, ukawa kama mwanamke aliyekaza mkanda, halafu pale katikati pakaachia. Kwa muda nilidhani nimekufa. Wakaupunguza, na pumzi iliyoingia sikuwa nimeipata tangu ujana.

Baadaye mmoja wao aliweka ngumi kinenani kwangu, akabonyeza kwa muda mrefu mpaka damu ikakata. Yule muuguzi akanifundisha: usibebe mzigo hata kidogo mpaka tukuambie, dawa hii inafanya damu iwe nyepesi, na tundu likifunguka lala chini, mtu abonyeze kwa ngumi hivi, upesi.

Nilirudi Ziwani baada ya siku chache, kwa miguu yangu kutoka kituoni. Hilo ndilo lililoniponza.

Watu walijaa nyumbani. Fundi alikuja mbele kabisa, mita yake ya kupimia nguo shingoni. "Fungua shati, mnyama. Mimi ni fundi. Nimekuja kukagua kazi ya wenzangu."

Nikafungua. Alitazama kifua, akazunguka akatazama mgongo.

"Mshono uko wapi?"

"Hawakupasua. Waliingiza mrija kwenye mshipa."

"Mshipa upi?"

"Wa mguu."

"Basi tuonyeshe mguu."

Nikaanza kufunga vifungo vya shati. Mle ndani kulikuwa na mama mkwe wangu, wazee wenzangu, na wake za watu. Mke wangu alijua, akainamisha macho. Ningesema neno moja tu yangekwisha. Neno hilo halikunitoka.

"Na damu yetu?" fundi akauliza.

"Haikuhitajika. Wamewekewa wagonjwa wengine."

Mama mmoja wa kanisani akasema polepole, "Mimi nimekula maini wiki nzima ili nirudishe yangu." Maini hayo alikuwa ameyanunua kwangu.

Walicheka kidogo. Kisha hawakucheka tena. Wakamaliza chai, wakaondoka mmoja mmoja. Kufikia Jumapili mtaa wote ulikuwa unasema sikuugua, nilikwenda mashambani kupumzika nikawatuma watu wazima wakatobolewe mikono bure. Fundi hakuja kuniuliza. Aligeuza tu cherehani yake. Miaka yote alishona akitazama mlango wangu. Sasa akashona amenipa mgongo.

Mgongo ule ulinichoma kuliko maneno ya mtaa mzima. Nilikaa bucha kwenye kiti, shemeji yangu anakata nyama, mimi natazama mgongo wa fundi. Nikajiambia nitamwita pembeni nimweleze. Kila nikijiandaa naona ule wembe na lile beseni, narudi kukaa.

Asubuhi moja gari la nyama likafika, na shemeji hajafika. Kulikuwa na foleni. Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa kuficha, "Mwenye kifua kizima amekaa tu kama chifu."

Nikasimama. Nikabeba paja la ng'ombe begani kutoka garini, nikalitundika. Nikarudi kuchukua la pili.

Nilisikia kitu kama uzi umekatika, kisha joto likateremka ndani ya suruali. Nilijua ni nini. Lakini nilikuwa nimevaa aproni ya kazi, na aproni ya muuza nyama haikosi damu. Hakuna aliyeona kitu. Nikapima nusu kilo ya mtu, nikafunga, nikapima nyingine. Kiatu cha kulia kilianza kuteleza kwa ndani. Nilikuwa nimesimama pale nikichagua baina ya kusema na kufa, na nakwambia kweli, kwa muda nilielekea upande wa pili.

Nikashika meza ya mizani. "Fundi," nikaita.

Hakugeuka. "Leo unanijua?"

"Fundi, njoo."

Labda ni sauti yangu. Aligeuka, akaja, akatazama aproni, akatazama sakafu. "Hii ni ya ng'ombe?"

"Yangu."

"Inatoka wapi?"

Foleni yote inasikiliza. Nikalisema lile neno. "Kinenani. Ndipo walipoingilia. Nilaze, funga ngumi, bonyeza."

Alinilaza kati ya gogo na mizani. Mkasi alikuwa nao mfukoni. Aliikata suruali kutoka kiunoni mpaka gotini, mbele ya akina mama, mbele ya wateja wangu, mchana kweupe. Kisha akaweka ngumi na kuegemea kwa uzito wote wa mwili wake mwembamba. Wanawake waligeuza nyuso, wakageuka tena kutazama. Nikamsikia yule aliyekula maini akisema, "Mungu wangu, kumbe kweli."

Fundi hakuzimia. Jasho lilimtoka, midomo imekuwa ya kijivu, lakini hakuondoa mkono, hata walipotupakia kwenye lile gari la nyama kurudi hospitali.

"Mjinga wewe," alikuwa akiniambia njiani, meno ameyakaza. "Suruali zako zote nani amepima? Mkono wangu umefika hapa mara ngapi? Ulidhani sijui kwamba una kinena?"

 Niligeuza uso upande wa bodi ya gari.

Nilipotoka hospitali mara ya pili, mtaa mzima ulikuja tena kuniona. Hakuna aliyeomba kuonyeshwa chochote, walikuwa wameshaona. Wazee wenzangu waliniuliza hali wakitazama ukuta. Kila mwanamke aliyenipa chai alikuwa ameniona nimelala sakafuni nguo imepasuliwa, na mimi najua, naye anajua kwamba najua. Habari za ule mpira uliojazwa moyoni zilikuwa zimeenea, na vijana walishaniita Mzee Puto, na wakaniita hivyo miaka yote niliyoishi Ziwani.

Fundi alikuja wa mwisho, na bahasha ya karatasi. Ndani yake ile suruali. Alikuwa ameifua mwenyewe mpaka doa limebaki kama kivuli, akaishona mahali pote alipokata, kutoka kiunoni hadi gotini.

Nilitaka kumshukuru. Naapa nilitaka. Niliipindua mikononi, nikaitazama sana kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

"Mshono umepinda," nikasema.

"Umepinda," akajibu, akavuta kiti. "Lakini huu angalau naweza kuwaonyesha watu."

Kesho yake nilipofungua bucha, cherehani ilikuwa imerudi kutazama mlango wangu. Nikafungua madirisha, nikainama nikajifanya nanoa kisu.