Tairi za Kuazima

Nina pikapu ya kubebea ndizi. Nazinunua mashambani kule Nyamache na kuziuza mjini Kisii, na kwa kazi hiyo nimesomesha watoto watatu. Kwa kuwa ni gari la biashara, lazima likaguliwe kila mwaka ndipo lipate stika. Kwa miaka mingi niliuona ukaguzi huo kama adhabu: unapanga foleni siku nzima huku ndizi zinaiva, halafu mtu asiyekujua anaingia chini ya gari lako kukutafutia makosa.

Mwaka ninaousimulia, tairi zangu zote nne zilikuwa zimelika hadi zikawa laini kama kiganja. Fundi wangu wa Nyakoe aliziangalia, akacheka.

"Mama, na hizi hupiti. Nunua nyingine, ama uazime."

"Kwani watu huazima tairi?"

"Kila siku."

Ndugu yangu mdogo, mwalimu anayeishi karibu na Ikonge, alikuwa na pikapu ya aina moja na yangu. Yake ilikuwa imekaguliwa mwezi uliotangulia, na kwa ajili hiyo alikuwa amenunua tairi mpya. Nilimpigia simu. Nilimsikia akitafuta namna ya kukataa. Mama yetu alipofariki, mimi ndiye niliyemlea ndugu yangu, na hajawahi kuniambia hapana. Nilijua hivyo kabla sijapiga.

"Ni siku moja tu, dada?"

"Moja tu. Kesho jioni nakurudishia."

Tulizibadilisha Jumanne uani kwake: zake zikaja kwangu, zangu zilizolika zikabaki kwenye pikapu yake. Mkewe alikuwa amepeleka majani chai kwenye kituo cha kuuzia, hakutuona. Jumatano nilipita ukaguzi bila swali hata moja, nikabandikiwa stika.

Jioni hiyo sikwenda Ikonge. Alhamisi ilikuwa siku ya soko, mvua ilikuwa imenyesha, na pikapu yangu ilipanda vilima vya Nyamache na mzigo wake bila kuteleza. Nilikuwa nimesahau raha hiyo. Ndugu yangu alipopiga, nilimwambia kesho. Ijumaa akapiga tena. Niliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza.

Jumamosi asubuhi, siku ya Sabato, yeye na mkewe walikuwa na sufuria za chakula cha wageni wa kanisa. Hawangeweza kuzibeba kwa miguu. Kwenye mteremko chini ya nyumba yao pikapu iliteleza, ikaacha barabara, ikalala ubavu ndani ya shamba la chai. Ndugu yangu alitoka na michubuko. Wifi yangu alivunjika mguu mahali pawili.

Nilifika hospitalini nimebeba chupa ya uji. Jamaa walikuwa wamejaa wodini, wakimuuliza ndugu yangu ilikuwaje. Alinitazama mara moja, kisha akatazama sakafu.

"Ni mvua," akasema.

Nami nikasema, "Kweli, mvua hii."

Tangu hapo nimesema maneno mengi maishani, lakini hayo ndiyo hunirudia.

Wifi ndiye aliyekuwa akichuma chai yao, na chai haingoji mguu upone. Kwa miezi mingi walikodi wachumaji, na kilichobaki baada ya kuwalipa kilikuwa kidogo. Waliuza ng'ombe wao wa maziwa. Nilisaidia kulipa hospitali, na watu wakanisifu kanisani kwao kwamba nina moyo. Wifi mwenyewe alinishika mkono, akanishukuru. Nikazipokea shukrani hizo.

Tairi mpya nilinunua wiki ile ile ya ajali, nikamrudishia ndugu yangu zake. Mwaka uliofuata niliipeleka pikapu kwenye ukaguzi jinsi ilivyokuwa, bila kuazima wala kuficha kitu. Ilikataliwa. Mkaguzi aliniita niiname nitazame chini ya gari. Paipu ya breki ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki nyembamba kama karatasi.

"Hii ingepasuka ukiwa mteremkoni na mzigo, mama," akaniambia. "Una bahati umekuja leo."

Fundi aliibadilisha kabla ya saa sita mchana, na malipo yake hayakufika faida ya safari moja ya ndizi. Nilikaa kwenye kivuli cha kibanda chake nikalia. Alidhani ninalilia pesa, akanipunguzia. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba mwaka uliopita mkaguzi kama huyo angenikatalia tairi zangu, ningenung'unika, ningenunua nyingine, na ng'ombe wa ndugu yangu angekuwa bado zizini. Nilikuwa nimeukwepa ukaguzi, na aliyeumia ni mwingine.

Nilipopata stika niliendesha moja kwa moja hadi Ikonge. Wifi alikuwa mlangoni anachambua mboga, mguu mmoja ameunyoosha. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama.

Aliacha kuchambua.

"Yeye aliniambia ni mvua."

"Alikuwa ananisitiri, wifi. Nisamehe."

"Na hizo siku zote tangu Jumatano, kwa nini hukuzirudisha?"

Ningeweza kutaja soko, au ndizi zilizokuwa zikiiva. "Nilizipenda," nikasema. "Gari lilikuwa linaenda vizuri."

Aliinuka, akachechemea hadi kwenye pikapu yangu, akaizunguka akiingiza kidole gumba katika mifereji ya kila tairi, moja baada ya nyingine. Kisha akarudi kukaa, akaendelea na mboga zake.

Ndugu yangu alinikasirikia kwa kumwambia mkewe, akaacha kunipigia simu kwa muda. Siku hizi tumerudi kuzungumza. Wifi hajawahi kunitukana wala kumwambia mtu. Ila hapandi gari langu. Nikimkuta njiani na kikapu chake cha majani chai nasimama, ananisalimu vizuri, anauliza habari za watoto, kisha anaendelea kwa miguu.